Salamu kwa Wadaiwa wa Uholanzi

Ruzuna, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Barua hii nnaianza bila salamu, na kwa nini unajua. Salamu zangu ndizo zilizotufikisha hapa. Hali yako nnaijua, nimekuona asubuhi ukilikalia begi lako ili zipu ifunge, na hali yangu huhitaji kuambiwa. Basi tusiharibu karatasi.

Umekwenda Matemwe kuwaaga shangazi zako, na wale hawakuachii mpaka wakushibishe, kwa hiyo nna wasaa mpaka magharibi. Nimekaa hapa sebuleni Kiponda, nimeyasukuma magunia matupu ukutani nipate pa kunyoosha goti. Nnaandika mwenyewe. Shule nilitolewa mapema nikalee wadogo zangu, lakini herufi sikuziacha. Ukitaka kuzicheka hizi, zicheke ukiwa kwenye boti.

Sitakwambia ule nini huko Dar es Salaam wala ufunge mlango saa ngapi. Una akili zako. Ukila chipsi asubuhi na jioni, tumbo ni lako. Kilichonikalisha hapa ni kingine. Kesho unaondoka kwa sababu yangu, na mtaani watu wanasema unaondoka kwa sababu umepata kazi. Nimewaacha waseme. Mimi na wewe tusidanganyane.

Nitalieleza jambo lenyewe tangu mwanzo, ingawa ulikuwepo. Ulikuwepo nyumbani, hukuwepo ndani yangu.

Ulirudi kutoka kazini hotelini Kendwa na Kiholanzi kinakutoka mdomoni kama maji, na nyuma yako Bi Marijke, mwanamke mrefu mpaka mlango wetu aliuinamia. Akakaa mkekani, akanywa chai yangu ya mdalasini, akasema kitu.

Nikakuuliza, "Kasema nini?"

"Kaisifu chai, Bibi."

"Mwongo wewe. Uso ule si wa kusifu."

Ukatazama chini. "Kasema sukari imezidi."

Nikampenda palepale. Nikasema huyu ni mtoto wa Matemwe, alisahauliwa Ulaya akiwa mchanga.

Kisha mkakaa nyinyi wawili mkalipanga jambo lenu. Watalii uliokuwa ukiwaleta hapa sebuleni, wakavionja viungo vyangu na kurudi kwao Uholanzi, watapata kila mwezi kijaluba cha bati: viungo vya pilau, viungo vya chai, na kitu kimoja cha kuchagua mimi. Sisi tunatuma magunia, Bi Marijke anajaza vijaluba kule kwao na kuvipeleka posta. Na pesa, ukanieleza, hakuna wa kuifuata. Mtu akikubali mara moja, benki yake inaitoa yenyewe kila mwezi, hata mwenyewe akiwa amelala. Nililipenda hilo kuliko yote. Umri wangu wote nimefanya biashara, na kilichonitesa katika biashara si kuuza, ni kuifuata pesa kwa mtu. Nikasema Mungu kaniletea wanunuzi wasiohitaji kudaiwa.

Karafuu na mdalasini tukachukua kwa Mzee Makame, yule mwenye shamba njia ya kwenda Kizimbani, kwa makubaliano kwamba atalipwa pesa zikiingia. Wanawake wa mtaa wakaja kuchambua. Nyumba ikanuka hiliki mpaka paka akawa anapiga chafya. Wewe siku zile ulikuwa unaimba ukifagia, na maneno ya nyimbo unayakosea.

Halafu asubuhi moja nikakukuta umekunja uso juu ya simu. Ukasema malipo ya baadhi ya watu hayakupita. Nikauliza, wamekataa? Ukasema hapana, Bibi, wengi wao hata hawajui. Kadi imekwisha muda, au mtu kahama benki, au siku ile mshahara ulikuwa haujaingia. Tunamwandikia, anarekebisha, tunajaribu tena, inapita. Kazi ndogo.

"Unamwandikia nini?"

Ukanisomea kwa Kiswahili. Malipo yako ya mwezi huu hayakutufikia. Huenda ni kosa dogo tu. Tafadhali bonyeza hapa ujaribu tena.

"Na salamu iko wapi?"

"Nimeandika, Mpendwa Bwana Hendrik."

"Hilo ni jina lake. Mimi nimeuliza salamu."

"Bibi, hawa hawataki salamu. Wanataka kujua wabonyeze wapi."

"Mzee wa watu kakaa hapa, kanywa chai yako, leo unamwendea na pesa, pesa, kama mgambo. Nani kakulea wewe?"

"Wewe."

"Basi futa."

Ukafuta. Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko unavyodhani. Ulikuwa unaijua kazi yako, umeisomea, umeielewa, na ukafuta kwa sababu bibi yako kakunja uso. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu ningekulaumu wewe kwa kunitii. Lakini kutii nilikufundisha mimi, tena kwa fimbo.

Nikakutungia barua yangu, wewe ukaigeuza Kiholanzi. Nikamuuliza Bwana Hendrik hali yake, hali ya mkewe, hali ya bustani yake, na baridi kama imewapungua. Nikampa habari za mvua za huku. Nikamwambia karafuu zimechelewa, na kwamba tunamkumbuka alivyopaliwa na pilipili manga. Kuhusu malipo, hata herufi moja.

"Sasa atajuaje, Bibi?"

Nikakujibu kwamba mtu mwenye haya zake, akijuliwa hali na anayemdai, anajua.

Sikulizua hilo. Mama yangu alikuwa akisuka mikeka kule Matemwe, na watu wakichukua kwa mkopo. Akiitaka pesa yake, anavaa kanga safi, ananishika mkono, tunakwenda kwa mtu. Anakaa. Anauliza watoto, anauliza mbuzi, anauliza mguu wa mume. Anatafuna tambuu yake, anaaga. Njiani nikimuuliza, "Mama, mbona hukusema?" ananijibu, "Nshasema." Na kweli, asubuhi yake pesa inaletwa, imefungwa kwenye pindo la kanga, na pamoja nayo mkate wa ufuta. Hakuna aliyeinamisha kichwa. Mkate tunakula, na wiki ya pili mtu yuleyule anachukua mkeka mwengine.

Na mimi mwenyewe nilidaiwa kwa mdomo mara moja tu maishani. Nilikuwa mke mgeni hapa mjini, babu yako hana kitu, na jirani anaoza binti. Wanawake wote sare moja ya kanga. Mimi yangu niliichukua kwa Bi Kidawa kwa ahadi ya kulipa baadaye. Tumo katikati ya ngoma, Bi Kidawa akapaza sauti mbele ya watu wote, "Mize, cheza taratibu, hizo kanga bado zangu." Wakacheka. Si kicheko kibaya, kicheko cha wanawake harusini. Nikenda uani, nikazivua, nikazikunja vizuri pembe kwa pembe, nikamrudishia, nikarudi nyumbani na kanga za kupikia nilizokuwa nimezivaa ndani. Pesa ilikuwa haki yake, sibishi. Lakini nikajiapia kwamba mimi mtu simfanyii vile mpaka naingia kaburini. Na kiapo hicho kimenila. Babu yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema duka la Mize halina mizani, lina mlango tu.

Unanijua ulimi wangu. Mwenye nyumba nimemwambia usoni kwamba dari lake linavuja kuliko kapu. Bibi harusi nimemwambia mbele ya mkwewe kwamba wanja umemtoka kama kapigwa ngumi. Watu wanadhani mtu wa namna hiyo hashindwi kusema kitu. Kumbe kumsema mtu na kumwomba mtu haki yako ni kazi mbili, na mimi ya pili sikuipata. Kiapo kilikuwa changu, nikakuvika wewe bila kukuuliza.

Na majibu yakaja. Hilo ndilo lililonipofusha, majibu yalivyokuja. Bwana Hendrik alijibu siku ileile, barua ndefu, na picha ya vitunguu vya bustanini kwake, vyeupe, virefu, hujui uvile au uviwashe kama mishumaa. Goti lake limepasuliwa, anauliza la kwangu. Mwengine akaleta picha ya mjukuu. Mwengine akasema kaisoma barua yetu kazini na machozi yamemtoka. Wanawake wakaacha kuchambua, wakakaa kukusikiliza unavyofasiri kama wanasikiliza redio. Hakuna hata mmoja aliyegusa habari ya malipo.

"Kesho italetwa," nikasema.

Neno hilo ukaligeuza mzaha wa nyumba. Maji yakikatika, "Kesho yataletwa, Bibi." Umeme ukizimika, "Kesho utaletwa." Mimi nikicheka na nyinyi. Na vijaluba vinakwenda.

Maana hilo nalo nilikukatalia. Ulitaka wasiolipa vijaluba vyao visimame kidogo mpaka warekebishe. Nikakwambia Ramadhani tunapeleka sahani ya futari kwa jirani na hatumuulizi ya jana iko wapi. Humkatii mtu sahani na wewe hujui kwake kuna nini. Ukasema, "Bibi, huyu si jirani, huyu ni mteja." Nikakununia siku mbili. Ukanipikia pweza wa nazi ili nuno liniishe, na vijaluba vikaenda.

Sijui kama unaikumbuka siku Mzee Makame alipokuja mara ya kwanza. Alikaa hapo mlangoni, akakataa kiti. Akaniuliza hali. Akauliza goti. Akakuuliza wewe masomo, na masomo ulimaliza zamani. Akasema mvua imewasumbua wachumaji. Akanywa kahawa, akaondoka. Ukaniambia, "Mzee huyu mwema, kaja kutusalimia kutoka kote kule." Mimi nikajifanya nnakoroga chungu.

Hakuja kusalimia, mwanangu.

Akaja tena, na mara ya tatu akaja na mchaichai, kaufunga kwa ukindu, akaniuliza kama nnapata usingizi. Nilitaka ardhi inimeze. Sikumsikia Bi Kidawa pale kwenye ngoma kama nilivyomsikia Makame akiuliza usingizi wangu. Nikakuuliza usiku uleule, yule tunamlipa nini? Ukatoa simu, ukanionyesha. Hakukuwa na kitu cha kumlipa. Vijaluba vilikuwa vimekwenda, salamu zimekwenda, majibu yamerudi, na pesa imebaki Uholanzi kwa watu ambao hawakujua kama wanadaiwa.

Bi Marijke alipokuja ndipo nilipokatwa vizuri. Alikaa palepale pa mwanzo, safari hii chai nimempunguzia sukari. Akaongea, na wewe ukafasiri ukitazama mkeka. Kasema, kwetu mtu asipodai tunafikiri hataki. Kasema watu wanazipenda barua zako, Bibi, wengine wamezibandika jikoni. Wanafikiri vijaluba visivyolipiwa ni zawadi kwa sababu umewapenda. Mmoja kaniuliza akuletee nini na yeye.

Zawadi. Watu wazima, wenye nyumba za ghorofa, wanadhani mjane wa Kiponda anawagawia karafuu.

Ungeniacha nikae na aibu yangu ile mpaka asubuhi, pengine ningepata akili. Lakini aibu yangu haijui kukaa, inasimama na kuwa hasira. Nikakwambia, wadai pesa yetu. Wadai wote, miezi yote, leo.

"Tuwaandikie kwanza, Bibi. Tuwape nafasi. Tuchukue mwezi mmoja mmoja."

"Wameshakuwa na nafasi. Chukua."

"Watashtuka."

"Na mimi sijashtuka?"

Bi Marijke alitikisa kichwa. Wewe ulinitazama usoni mara moja, nnalikumbuka jicho lile, kisha ukabonyeza. Kama ulivyofuta mwanzo, vivyo hivyo ukabonyeza.

Ukanieleza baadaye kilichotokea, pole pole, kama unamweleza mgonjwa. Wale ambao pesa zao ziliweza kuchukuliwa walifungua simu zao wakakuta benki imetoa fungu kubwa kwa mkupuo, jina la kigeni, hawakuambiwa kitu. Kule kwao mtu akishuku anaiambia benki irudishe, na benki inarudisha bila kumuuliza sababu. Wakarudisha. Kila inaporudishwa, sisi tunatozwa. Hata waliokuwa wakilipa vizuri wakasikia, wakaingiwa na hofu, wakajitoa. Na ile kampuni inayopitisha malipo, ilipoona yanarudi kiasi kile, ikatufungia njia. Si kwa wale tu. Kwa wote.

Nikakuuliza ofisi yao iko wapi, nivae nikakae mlangoni mpaka watoke. Ukasema haina mlango, Bibi. Nikauliza mkubwa wao nani, pengine ana mama. Ukasema ukiwaandikia anajibu mashine. Nikauliza hiyo mashine ilitengenezwa na nani, na hapo ukaanza kulia, nikaacha kuuliza. Mimi nimezoea kwamba kila jambo lina mtu wake, na ukimjua mtu wake unakwenda unakaa. Hili nimelizunguka kila upande na sikumwona mtu.

Halafu ikaja ile ya Bwana Hendrik. Unaijua kwa moyo lakini acha niiandike, nataka niione kwa herufi zangu. Kasema: nilidhani ni wezi, nikarudisha. Kumbe ni nyinyi. Kwa nini hukuniambia? Tulikuwa tunaandikiana.

Akampa Bi Marijke mkononi sehemu yake yote, mzee yule, na goti lake lile. Sehemu ya mtu mmoja haikurudisha tulichopoteza. Lakini maneno yale hayakuniondoka. Tulikuwa tunaandikiana. Nilikuwa nimemfungulia mlango, nimemkalisha, nimemuuliza mpaka vitunguu vyake, na kitu pekee alichohitaji kukijua nimemficha, na nikajiita muungwana.

Sasa nikwambie la Bi Tineke, na nnajua nikilisema utasema nnajitetea. Kidogo nnajitetea. Malipo yake yalikwama kama ya wenziwe, na barua yangu ikenda kama ya wenziwe, na aliyejibu alikuwa binti yake. Mama kafa. Benki imefunga hesabu yake. Akasema tangu msiba kila karatasi inayoingia nyumbani inataka kitu, hii ya kwetu peke yake ilimuuliza mama yake kaamkaje.

Huko kazini unakokwenda, umenieleza, mtapewa majina asubuhi, Waholanzi ambao malipo yao yamekwama, huyu wa gazeti, huyu wa mazoezi, huyu wa chakula cha mbwa, na wewe utawapigia na kuwaandikia mmoja baada ya mmoja, kwa maneno yaliyokwisha pangwa. Watu hawajanywa chai kwako. Na miongoni mwao wataingia kina Bi Tineke. Ungeniuliza utawajuaje, ningekwambia sijui. Ungeniuliza useme vipi na huyu na useme vipi na yule, ningekwambia nilijaribu njia ya upole nikaharibu, nikajaribu njia ya ukali nikaharibu zaidi. Kitu kimoja tu ndicho nnachoweza kukiapia. Ile barua yako ya mwanzo, niliyokufutisha, ilikuwa na adabu. Huenda ni kosa dogo tu. Ulikuwa umemwachia mtu heshima yake ndani ya maneno yale, umempa na pa kupitia, na mimi sikuliona kwa sababu halikuvaa kanga safi.

Mshahara wako wa kwanza, umesema, unakwenda kwa Mzee Makame, na wa pili, na inayofuata mpaka deni liishe. Nimelisikia hilo. Mtoto wa kike anavuka bahari akalipe karafuu za bibi yake.

Wiki iliyopita nilikwambia nnakwenda hospitali kuangaliwa goti. Nilikwenda Kizimbani. Nilikusudia nimwambie Makame kwa mdomo wangu, deni hili ni langu, si la mtoto, ningoje, nitakulipa kidogo kidogo kwa kuuza maandazi, mwache mjukuu wangu akae. Maneno nilikuwa nimeyapanga njia nzima. Nikafika. Mkewe akatandika mkeka. Nikamuuliza hali. Nikauliza wachumaji, nikauliza ng'ombe aliyezaa. Makame ananitazama, anangoja, na mimi nnamwona anangoja, mzee wa watu kanirahisishia mpaka akamwondoa mkewe akaenda kuchuma malimau. Nikatafuta neno la kwanza tu, neno "deni". Halikuja. Nikaaga. Akanisindikiza mpaka barabarani, akanifungia mchaichai. Ule uliounywa juzi ukasema mtamu.

Basi hivyo ndivyo nilivyo, na kwa umri huu sijui kama kuna fundi wa kunirekebisha. Kesho nitakuja bandarini, nitakukemea kuhusu mtandio, nitamkemea mchukuzi, nitamwambia mtu asiyehusika kwamba kaziba njia. Utadhani nimekasirika. Sitakuwa nimekasirika. Na lile nnalotaka kukwambia halitatoka pale, nnajijua, kwa hiyo nnaliweka hapa ambapo mkono hauoni haya kama mdomo.

Sitaki uondoke. Nimeliandika. Sikwambii usiondoke, Makame anangoja na sina njia nyengine, nimeitafuta. Nnakwambia tu kwamba sitaki, ili usije ukafika Dar es Salaam ukadhani kwa kuwa Bibi hakusema, Bibi kaona sawa.

Na nnakudai. Kila Ijumaa, watu wakishatoka msikitini, nataka sauti yako kwenye simu. Sauti, si maandishi, na usiniulize mvua. Niambie umekula na nani, nani kakuonea, na kama umelia. Ikikosekana sitakaa kimya nikangoja uone haya mwenyewe, na wala sitalimbikiza mpaka nikupigie kelele za miezi yote siku moja. Nimejifunza. Nitakuandikia Ijumaa ileile, kwa maneno yako: Sauti yako ya leo haikunifikia. Huenda ni kosa dogo tu. Tafadhali jaribu tena.

Usipojibu, nitakuandikia ya pili, kavu kidogo, kama ulivyonieleza kwamba ndivyo inavyokwenda. Ile ya tatu, ya kumwambia mtu kwamba basi, kuanzia sasa tunaacha kukuletea, hiyo sikujifunza.

Nnasikia mlango wa chini. Umerudi, na kwa hatua zako nnajua wamekushibisha.

Bibi yako,
Mize